Mlango Niliousukuma Siku ya Meli

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua huko Pemba kwa binti yako salamu zangu hufika kwa kuchelewa, na safari hii nimechelewa mwaka mzima.

Unakumbuka siku uliyonituma kwa jirani kuazima mbuzi ya kukunia nazi, nikaingia moja kwa moja mpaka jikoni? Ulinirudisha nje kwa sikio. Ukanisimamisha kando ya mlango, nisichungulie, nipige hodi mara tatu, na nisipoitikiwa nirudi mikono mitupu. Jirani alikuwa anasali, na mchuzi siku ile ulichelewa.

Mtoto uliyemfunza hivyo ndiye aliyekuletea basi zima la watalii wa meli ukiwa umekaa eda.

Sababu ninazo, na zote ni dhaifu. Meli ilikuwa inaondoka jioni, msituni Jozani tulikawia kutazama kima punju, na nyumba ya Uroa tuliyopanga kuwaonesha wageni tukaikuta imefungwa. Walikuwa wameahidiwa kuona maisha ya nyumbani. Nikakumbuka ua wako. Nilijua marehemu mumeo hajatimiza hata miezi miwili kaburini, nikajidanganya kuwa wataishia uani. Sikupiga hodi. Nilisukuma mlango.

Mwanamme mmoja mwenye kamera akafunua pazia la chumba chako. Ulikuwa umekaa mkekani na nguo zako nyeupe, kichwa wazi. Ukajifunika uso kwa kanga. Na mimi, badala ya kumtoa, nikasimama palepale nikaanza kuwaeleza eda ni nini na inachukua muda gani, kama nilivyowaeleza habari za kima asubuhi yake. Walisikiliza kwa makini. Wengine walipiga picha.

"Watoe kwanza, mwanangu," ulisema ndani ya kanga. "Kisha rudi peke yako, n'na maneno nawe."

Niliwatoa. Sikurudi. Eda ilipokwisha nikasikia umehamia Pemba, na moyoni nikashukuru kwamba sitakutana nawe njiani. Kushukuru kule kunanitia haya kuliko yote.

Siku hizi tunakutana Tunguu, sisi waongoza watalii na watu wa vijijini, kuandika taratibu za siku za meli. Makundi yawe madogo, chakula kipikwe na wanawake wa kijiji husika, takataka zirudi na basi. Na nyumba ya mtu isiingiwe bila ruhusa iliyoombwa tangu jana yake. Hili la mwisho nimelitoa mimi. Nilisimulia kisa cha mwongoza watalii mmoja, sikusema nani, wakanipigia makofi. Kisha mama mmoja mkulima wa mwani akauliza kwa upole kama yule mjane aliombwa radhi.

Nikajibu sijui.

Shangazi, Jumamosi tunakaa tena, na nitawaambia mtu yule ni mimi. Barua hii nitaisoma mbele yao kabla sijaituma kwako. Jina lako nimelihifadhi. Lakini nilikuvunjia heshima mbele ya watu, siwezi kuja kukuomba radhi kichinichini.

Nisamehe. Kwa heri, na Mungu akuweke.

Mimi, mtoto wa kaka yako