Ramani ya Bi Mdogo

Jumatatu, 3 Machi

Meli zimerudi. Nimeziona kutoka roshani asubuhi, zimefungwa gatini zote tatu, bado zinapumuapumua kama ng'ombe waliotoka malishoni. Mabaharia wamezipa majina yao wenyewe. Ile kubwa ni Bi Mkubwa. Hukaa baharini miezi, hushusha chupa zake mpaka mahali ambapo jua halijawahi kufika, kisha huzipandisha zimejaa maji ya baridi, ya kale kuliko sisi sote. Ya kati ni Bi Mdogo. Huyu hapendi mbali. Hutambaa karibu na nchi kavu, hupiga sauti kwenda chini, husikiliza mwangwi, na kwa mwangwi huo huichora sakafu ya bahari. Ya tatu ni mashua ya manjano isiyo na mtu ndani. Inajiendesha. Wanaiita Kifaranga.

Jioni amekuja mjukuu wangu, fundi wa mitambo na vipimo vya Bi Mdogo. Ananuka dizeli na sabuni.

"Mume wangu, hujambo?"

"Sijambo. Ila mke gani wewe, unanitelekeza wiki tatu unalala kwa Bi Mdogo!"

Mama yake, binti yangu, akaguna kutoka jikoni — mmeanza! Kisha mjukuu akasogeza kiti, akaacha utani. Keshokutwa wanapita juu ya mji wetu, akasema. Wanaupima.

Chai ilipoa.

Jumanne, 4 Machi

Nimeota natembea mtaani kwetu na hewa ni nzito, ya kijani. Nguo zimeanikwa, zinapepea polepole mno. Nikajua ni maji. Sikuogopa.

Najiandikia, maana hapa nyumbani hadithi hii wameshaichoka. Mji wetu ulikuwa juu ya ulimi mwembamba wa nchi, bahari kushoto, mdomo wa mto kulia. Zikatokea nyufa ukutani. Tukahamishwa kwa malori, kila familia na magodoro yake. Kabla mvua za mwaka ule hazijakatika, ulimi wote ukateleza ukaingia majini — nyumba, shule, taa ya bandari. Hakufa mtu. Watu husema hivyo kama kutupongeza. Hakufa mtu, basi hakuna hata kaburi la kwenda kulipalilia.

Jumatano, 5 Machi

Bi Mdogo ametoka alfajiri. Kutwa nzima nimemtazama kwa darubini ya kutazamia ndege niliyopewa nilipostaafu uhariri. Anakwenda, anageuka, anarudi, anageuka. Kama mtu anayelima. Nimesahau kula.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeuona! Nimeuona mji!

Mjukuu alikuja na kompyuta yake, akaniwekea ramani mezani. Rangi tu mwanzoni — nyekundu palipo na kina kifupi, buluu palipo na kina kirefu. Kisha macho yakazoea. Matuta manne marefu, sambamba, yameachana sawasawa. Mitaa minne! Sisi tulikuwa na mitaa minne. Nikaweka kidole: huu Mtaa wa Waokaji, huu wa Shule, huu wa Mafundi Saa, na huu wa Nyuma, kwetu. Mjukuu alinishika bega.

Nikampigia simu Mama Tanuri. Yeye ndiye aliyekuwa akituokea mikate. Sasa anaishi kwa mwanawe, mji mwingine kabisa. Nikamwambia mtaa wako upo, na mahali pa tanuri lako nimepaona.

"Umepaona kwa macho yepi?" akauliza. "Haya haya yaliyokuwa hayaoni kuwa umevaa shati kinyume?"

Lakini nilisikia analia. Halafu akacheka — basi samaki wa huko wanakula mkate wa moto!

Ijumaa, 7 Machi

Binti yangu hafurahi. Nilidhani ni kelele za simu. Leo, akikunja nguo, kasema kinachomsumbua.

Mkuu wa safari hizi za meli, mama mmoja mtaalamu wa miamba, haupimi mji kwa ajili yangu. Nyufa zimeonekana mlimani, mtaa huu tunaoishi. Nyumba ya tatu kutoka kwetu, ngazi zimeachana na ukuta. Anataka kujua mji wa zamani ulianguka vipi. Kama ulimeguka vipandevipande, ilikuwa mawimbi yanautafuna kutoka nje, na mlima hauna neno. Kama uliteleza mzima, kama sahani kwenye meza iliyoinama, basi chini kuna udongo laini uliouachia — na udongo huohuo unapita chini ya mlima. Tutahamishwa wote.

"Baba," akaniambia, "usiitafute nyumba ile ukatupotezea hii."

Nyumba hii aliijenga yeye na marehemu mumewe, chumba kimoja baada ya kingine. Mimi nilipewa chumba chenye roshani. Nikamsaidia kukunja shuka. Yeye pembe zake, mimi zangu, tukakutana katikati.

Jumapili, 9 Machi

Mjukuu amekuja mchana. "Shikamoo, Babu."

Shikamoo! Babu! Nikajua kuna msiba.

Akaeleza akiwa amesimama. Sauti haina mwendo mmoja katika maji yote. Maji ya baridi, ya moto, ya chumvi, ya mto — kila moja na mwendo wake. Kwa hiyo kabla ya kupima, hushushwa kifaa kuyaonja maji ya siku hiyo mahali hapohapo. Jumatano hakukishusha. Alitumia vipimo vya safari iliyopita, vya mbali na mdomo wa mto. Alitaka kuokoa muda wapite juu ya mji mara nyingi zaidi. Kwa ajili yangu. Lakini mto umefurika, maji yake matamu yametandazwa juu ya ya chumvi kama shuka, na sauti ikapinda. Kila mkanda wa sakafu uliochorwa meli ikipita ukajikunja kingo. Kingo mbili zilipokutana, pakaota tuta.

"Kwa hiyo matuta..."

"Ni sisi, Babu. Ni mizunguko ya meli."

Nilikuwa nikiipa majina ya mitaa yangu njia alizopita Bi Mdogo.

Amerekebisha hesabu. Akanionyesha ramani mpya: tambarare, kijivu, na vinundu vichache upande wa mto. Mawe, labda. Labda si mawe. Mkuu amemkaripia mbele ya watu. Halafu huyo huyo mkuu akamkalisha, akamnywesha maji. Nami nikamwambia mke wangu kaa, ule. Akala akilia, sahani mbili.

Jioni nikamwona binti yangu anaimba akifagia. Nyimbo za zamani. Simlaumu. Tambarare ni habari njema hapa mlimani.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempigia Mama Tanuri. Nikamwambia yote — maji ya mto, sauti, matuta.

Akasema: "Wewe na habari zako. Siku zote unazitoa kabla hazijaiva."

Nikaomba radhi. Akasema hapana, asiombwe. Siku nne alikuwa na tanuri lake, akamwokea humo kila mtu aliyemkumbuka. Nimwachie. Nisimpigie tena mpaka nitakapokuwa nimeona jiwe kwa jiwe.

Jumanne, 11 Machi

Bi Mkubwa ana roboti yenye kamera na taa, huning'inia kwenye kebo na kutazama. Keshokutwa meli inaondoka kwenda bahari ya mbali, miezi mitano. Mkuu ameomba asubuhi moja kabla ya hapo, wakague vile vinundu. Na anataka aje mtu aliyeujua mji. Mjukuu akanitaja mimi.

Binti yangu amepiga pasi shati langu. Alipomaliza akanifunga vifungo mwenyewe, kama mtoto wa shule, mpaka cha shingoni. "Baba, utakachokiona, kiseme kilivyo," akasema. Akatoka haraka. Afadhali angenikataza.

Jumatano, 12 Machi — ndani ya Bi Mkubwa

Bahari ni laini kama karatasi ambayo haijaandikwa. Injini husikika miguuni, si masikioni. Wamenipitisha kwenye vyumba vya maabara, sitaha ya nyuma, winchi kubwa kama nyumba ya mtu. Mpishi kanipa uji, ananiita Mzee Mwenyeji. "Karibu kwako," ananiambia. Kweli. Tuko juu yake.

Tumeingia chumba cha giza, skrini tupu. Rubani wa roboti ni kijana mnene, ana sauti ya upole, anaongea na mashine kama anayembembeleza punda. Shuka, mama, shuka taratibu. Kijani, kisha kijani kizito — ile ya ndotoni! — kisha theluji ya vitu vidogovidogo vinavyoanguka daima. Kisha tope. Imegusa chini, vumbi likapanda, hatuoni. Tunangoja.

Limetulia.

Ngazi. Ngazi tatu za mawe, zimesimama wima, na kipande cha kizingiti juu yake. Ya katikati imemeguka pembe. Niliimegua mimi kwa nyundo ya baba nikiwa na miaka saba, na nilichapwa. Samaki mmoja mweupe amekaa pale, hana haraka.

Ni kwetu. Si tuta, si mwangwi. Ni kwetu.

Sijalia. Mjukuu ndiye aliyelia. Rubani akasogeza taa, akasoma dira ya mashine: ngazi zinatazama mashariki sawasawa, hazijainama hata kidogo. Mkuu wa safari akakaa wima. Akasema kwa utaratibu, kwa faida yangu: nyumba iliyobingirika haiwezi kubaki na uelekeo wake; ukiwa uleule, mji uliteleza mzima. Ila hajui wa zamani ulikuwa upi. Michoro yote ya mji ilikwenda na ofisi ya mji. Ndiyo maana nimeitwa.

Nimeomba nafasi ya kupumua, wamenipa. Naandika haya kwenye goti. Kila asubuhi mama aliniwekea kikombe cha maziwa kwenye ngazi ya chini, nikakaa hapo kuota jua la kwanza, nimefumba macho, uso wote mwekundu ndani ya kope.

Kwenye kioo tope limeanza kupanda tena. Mkuu ameinama kando yangu, hana ukali wowote. "Mzee wangu," anauliza, "mlango wenu ulikuwa unatazama wapi?"