Kisu cha Baba Mkwe

Ringwani, Jumatano usiku

Bado nacheka peke yangu, mume wangu anadhani nimechanganyikiwa.

Asubuhi ng'ombe wa baba mkwe kakutwa amekufa, damu nyeusi inamtoka puani. Nikajua ni kimeta, na kimeta kinaua hadi walaji. Baba mkwe ananoa kisu amchune, majirani wameshaleta mabeseni ya nyama. Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji, sawa, lakini mbele yake ni mkamwana tu. Ningeanzaje kumwambia aache?

Nikajificha nyuma ya jiko, nikatuma taarifa kwenye ule mfumo mpya wa kuripoti magonjwa kwa simu. Zamani fomu ilipanda bodaboda hadi Mugumu wilayani, na majibu yakija, nyama ilishaliwa. Leo kabla sijarudisha simu mfukoni, ikaita. Daktari wa mifugo! Nikampelekea baba mkwe simu, spika wazi, kwa mikono miwili, macho chini.

"Shikamoo mzee. Usimguse huyo ng'ombe, tunakuja."

Akaweka kisu chini. Nilitamani kupiga vigelegele!

Ila siku mtandao ukikata, sijui...

Jioni tumekula mchicha. Baba mkwe kanuna. Anune tu. Wajukuu zake wote wanakoroma, wazima.