Kwa Baba, Fundi Breki Aliyeliacha Somo Katikati

Mwaka umezunguka, Baba, tangu Jumanne ile ulipotutoka, na nyumba yako bado haijazoea. Siku hizi Mama ndiye anayeuliza kama mlango wa nyuma umefungwa. Zamani swali hilo lilikuwa lako, naye alikuwa akikucheka.

Familia wamenipa mimi, binti yako mkubwa, kazi ya kuandika kumbukumbu hii ya gazetini. Wanasema mwalimu hakosi maneno. Nimechana karatasi tatu kabla ya hii.

Ulikuwa fundi breki kwa miaka ishirini na saba, gereji ile ile, kona ile ile karibu na bomba la maji. Wenzako walikubandika jina la Fundi Mashaka, nawe ukaitika. Ulikaza nati, ukaondoka hatua tatu, ukarudi kuikaza tena. "Injini ikifa, gari linasimama," ulikuwa ukituambia. "Breki ikifa, halisimami. Sasa niambieni nani awe na wasiwasi."

Nyumbani hakukunywewa chai kabla ya Neno. Sura moja kila asubuhi, kwa mpangilio, bila kuruka. Tulipofika kwenye yale majina marefu ya koo za watu tusiowajua, tulikusihi uyapite. Ulikataa. "Hawa nao walizaliwa kwa uchungu," ulisema, ukaendelea kuwataja mmoja mmoja huku chai ikipoa. Kurasa ulizifungua kwa ukingo wa kiganja, maana vidole vyako havikuwahi kuishiwa oili. Hata hivyo Injili ya Mathayo ilijaa madoa.

Sala yako ilikuwa fupi, na sehemu kubwa ilikuwa hofu. Ulimtajia Mungu mtoto anayekohoa, kaka yetu aliye safarini, gari lililotoka gereji jana. Mchungaji alipohubiri kwamba tusisumbukie ya kesho, uliinamisha kichwa kama mtu aliyetajwa kwa jina. Njiani kurudi ulimwambia Mama, "Aya ile naiamini. Ni moyo wangu tu ambao bado haujaisikia."

Kisha ikaja Jumapili ile.

Ilikuwa zamu yako kusoma somo. Ulivaa suti ya kijivu, ukapanda mimbarini, ukaanza kusoma mahali Bwana anaposema mtu akileta sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale aende kwanza. Ulisoma hadi hapo penye kukumbuka, ukanyamaza. Mama alidhani umepotewa na mstari. Ulivua miwani. Tukakuona unatazama mikono yako.

"Ndugu zangu," ulisema, "jana nilifunga magurudumu ya basi dogo. Matatu nina hakika nayo. La nne niliitwa katikati, na sikumbuki kama nilikaza nati kwa spana au nilizishikiza kwa mkono tu. Basi lile linaondoka stendi saa hii na watu ndani. Mniombee. Mimi naenda."

Uliiacha Biblia wazi ukashuka. Viatu vyako vilisikika hadi mlangoni. Mchungaji ndiye aliyezinduka kwanza. "Mwenye pikipiki amfuate," alisema, na mwinjilisti akatoka mbio na joho lake la ibada.

Baba, hukuwahi kujua saa mbili zile zilivyokuwa kwetu. Mahubiri hayakuwepo. Kwaya walianzisha wimbo, ukawafia kwenye ubeti wa pili. Namba ya dereva ilipatikana, lakini simu yake ilikuwa imezimwa. Kila gari lilipofunga breki barabarani, kanisa zima liligeuza shingo. Mama hakuomba kwa sauti. Alikuwa akikunja ncha ya kitambaa chake na kuikunjua, akinong'ona, "Watu ishirini na tano. Na watoto wa kupakatwa hawajahesabiwa." Najua nilichokuwa nikiomba. Niliomba wawe salama. Kisha nikaomba, Mungu anisamehe, kwamba kama si salama, isijulikane ni wewe.

Mlirudi mmejaa vumbi, magoti ya suti yameraruka. Mlilikuta basi ng'ambo ya daraja la pili, kwenye mteremko, limesimama kumshusha bibi mmoja na magunia yake. Ulilala chini ya basi mbele ya abiria wote. Wengine walikucheka, mmoja akakutukana kwa kumchelewesha. Nati zilikuwa zimekaza. Moja tu ilizunguka kidogo, kama robo. Dereva alisema hiyo ni kawaida kwa gari lililokwisha tembea.

Tulikuuliza mara ngapi: ilikuwa imelegea au la? Na kila mara ulijibu neno moja. "Sijui."

Jumatatu, kabla hata hujavaa ovaroli, mwenye gereji alikuita.

"Umesimama kanisani ukatangaza kwamba hapa kwangu tunafunga magurudumu ovyo."

"Sikuitaja gereji, bosi."

"Nani hajui unafanya kazi wapi?"

Ulikubali kwamba hilo ni kweli. Saa tatu ulikuwa nyumbani na kisanduku chako cha spana, umeketi kwenye ngazi ya mlango, hujui mikono uiweke wapi. Miaka ishirini na saba iliishia hapo. Mdomo uliponza kichwa, majirani walisema, na sisi wanao, kimoyomoyo, tuliitikia.

Nilikuja Jumamosi. Nilikukuta uani ukitengeneza breki ya baiskeli ya jirani.

"Baba, hukuweza kutoka kimya kimya? Ungesema tumbo linauma."

"Niseme uongo mimbarini?"

"Basi ungetoka bila kusema kitu. Lakini hapana. Ulitaka watu wakuone mtakatifu."

Uliuvuta ule waya, ukazungusha gurudumu, ukaangalia kama linashika. Miezi minane ikapita tukizungumzia mvua, wajukuu na bei ya sabuni. Uliendelea kuamka, kusoma sura yako, kuomba. Mafundi wa ile gereji wakaanza kukuletea kazi ngumu uani kwa kujificha, kisha bila kujificha. Ukawatengenezea, ukarudi hatua tatu kila mara. Lakini mimi na wewe, neno lile lilikaa kati yetu kama kiti kibovu ambacho kila mtu anakizunguka.

Ndipo moyo ukaanza kukusumbua. Ulikuwa unasimama katikati ya uwanja ukishika kifua, ukisema ni gesi. Daktari alisema mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa na lazima upasuliwe. Wodini ulitufanyia mzaha kwamba hata humo ndani kuna breki, lakini niliona vidole vyako vikichezea ukingo wa shuka.

Siku moja kabla ya upasuaji, mchana wa kuona wagonjwa, niliwaomba wengine watoke.

"Baba, yale maneno niliyokuambia uani."

"Yapi?" uliuliza, ingawa uliyajua.

"Kwamba ulitaka watu wakuone mtakatifu. Nisamehe."

Ulifumba macho. Nikadhani umelala.

"Kidogo nilitaka," ulisema. "Nilipokuwa naelekea mlangoni nilisikia macho yao mgongoni, na nikafurahi kidogo. Katikati ya hofu yote ile, mwanangu, nikafurahi. Mungu nilishamwambia. Wewe nilikuwa nakuonea haya."

Nikakushika mkono. Nikakuuliza kama unaogopa kesho.

"Lini mimi sijaogopa?" ulisema. "Naogopa, na naenda. Sina namna nyingine ya kwenda."

Walikuingiza saa mbili asubuhi. Walituambia saa nne watakuwa wamemaliza. Ikapita saa nne, ikapita saa tano. Mdogo wetu wa mwisho alisoma tangazo la kunawa mikono ukutani mpaka akalikariri. Saa sita kasoro daktari alitoka, akavua kofia, akaketi nasi kwenye benchi kabla ya kusema lolote. Tulijua alipoketi.

Hatuwezi kukudanganya kwamba tumetulia, Baba. Bado tunashtuka simu ikilia. Bado tunasoma sura moja kwa siku, na kuna asubuhi tunaisoma bila kusikia kitu. Tunaomba tu.

Ijumaa nilimsomea Mama maneno haya kabla ya kuyapeleka gazetini. Nilipofika pale uani nilishusha sauti, maana hakujua niliyokuambia. Nilimaliza, naye akawa anaangalia mikono yake.

"Mimi nami nilimwambia hivyo hivyo," alisema. "Jumatatu ile ile, jikoni, hata kisanduku hajakiweka chini. Maneno yale yale. Yeye akaniuliza kama kuna maji ya kuoga."

Kwa miezi yote ile ulikuwa umeyabeba mara mbili, Baba. Hukuniambia kwamba Mama kasema. Hukumwambia Mama kwamba mimi nimesema. Mimi nilipata mchana mmoja wodini. Yeye alikuwa akingoja urudi nyumbani ndipo aseme. Amenishika mkono akaniambia: "Liandike hilo. Lisomwe na watu wote. Mwambie mkewe anamwomba radhi."

Tumeliandika.

Unakumbukwa na mkeo, sisi wanao watatu, wakwe zako, wajukuu watano, na wa sita aliyezaliwa wiki tatu baada yako, dada yako mshona nguo, mchungaji, mwinjilisti na wote mliosali nao, na mafundi wa gereji, ambao wameomba watajwe.

Hujatoka mioyoni mwetu hata siku moja, Baba, wala hutatoka.