Koti la Kuvaa Kinyume

Jumanne

Na koti lenyewe nililichagua mwenyewe kwenye mnada wa mitumba hapa Bariadi, zito kama godoro, nikajisifu kwamba baridi ya alfajiri sasa basi. Nalivaa kinyume kama bodaboda wote, upepo usinipenye kifuani. Zipu inabaki mgongoni. Anayeifunga ni mke wangu, Mama Shija, kisha anapanda nyuma na beseni lake, twende Lamadi kununua samaki. Yeye na kitenge tu.

Leo tulipofika nikamgeuzia mgongo anifungulie.

"Subiri, Baba Shija. Vidole vimekufa ganzi."

Akajaribu tena, akashindwa. Mama mmoja muuza sangara akapaza sauti: "Shemeji, wewe umejifungia ndani, mwenzio umemwacha nje!"

Wakacheka wote. Nami nikacheka, jasho likinitiririka, huku yeye akipuliza vidole vyake.

Siku ile mnadani nilipima unene, kola, hadi mifuko. Kumnunulia Mama Shija hata sweta sikuwaza kabisa.

Jioni nikamwambia, "Kesho hili koti vaa wewe."

"Na wewe utavaa nini?"

Nikalitupia koti jicho. Ni kidogo tu, lakini aliniona. Akaendelea kupepeta mchele.