Karai Lako Liko Darasani

Baba Mwende,

Habari ya huko sikuulizi, utanijibu vipi? Acha nikupe ya huku, maana leo chai imepoa mbele yangu sijaigusa.

Mtoto wako ni mwalimu. Ulituacha akiwa bado chuoni, sasa anafundisha sayansi gredi ya nane, hapa hapa Kangemi, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Wakimpenda watampa kazi ya kudumu. Na si mwalimu wa kuandika ubaoni watoto wakanakili, hapana! Huyu wangu (nasema wangu, wewe vumilia) alichukua lile karai lako la kuchanganyia simiti akalijaza mchanga, akaumwagia maji mpaka ukashiba, akasimamisha tofali katikati. Karai la pili, la kuazima, akalishindilia udongo mwekundu, nalo akalisimamishia tofali. Mimi ndiye niliyembebea hadi shuleni, nikabaki dirishani kuona.

Akawaambia watoto wagonge meza kwa ngumi, wote pamoja. Tofali la kwenye mchanga likainama kama mlevi, kisha likazama nusu, maji yakapanda juu ya mchanga. Lile la pili halikusogea. "Mchanga uliolowa ukitikiswa, chembe zinaachana, unakuwa kama uji," akasema. "Sasa nani ataniambia haya maji ya juu yametoka wapi?" Mikono yote juu, hata wale wa nyuma. Haki ya Mungu, nililia pale dirishani.

Nilikumbuka ile Jumapili kule Muthangari ulikokuwa ukijenga ukuta. Ulimpa Mwende, akiwa bado mdogo, mkebe amwage maji kwenye mtaro wa msingi, mkakaa juu ya mawe mkingoja udongo uyanywe. Nikawagombeza kwamba gauni la kanisa linachafuka. Ukaniambia, "Mwache, anasoma." Nilidhani unatania.

Sasa sikia kosa langu. Nilirudi kwenye meza yangu sokoni nimejaa ile furaha, na lile karai la kuazima mkononi. Mama Kioko wa nyanya akaniuliza, "Hiyo karai unatembea nayo, unauza?" Nikamsimulia. Ningeishia hapo. Lakini akacheka, "Kwani hayo ni masomo ama ni watoto kucheza matope?"

Baba Mwende, hilo lilinichoma. Nikamwambia kwamba binti yangu akiweka tofali kwenye karai, anajua nyumba gani itasimama na ipi itaanguka. Nikanyoosha kidole kwa ile fleti mpya nyuma ya soko. "Hata hiyo. Muulize, atakwambia." Watu wakageuka wakaiangalia.

Mwende hajawahi kutaja nyumba ya mtu. Mimi mwenyewe sijui hiyo fleti imesimama juu ya nini.

Siku mbili hazikuisha, maneno yakawa "mwalimu amesema itaanguka," jina langu likapotea njiani, na wapangaji wawili wakafunga virago. Mwenye fleti yuko kwenye kamati ya shule. Leo Jumamosi, saa nane mchana, Mwende ameitwa aeleze kwa nini anafundisha watoto kutisha watu. Mkataba wake utajadiliwa hapo hapo.

Na bado sijakwambia linaloninyima usingizi. Katika darasa lake kuna msichana, Akinyi, anayeishi kwenye hiyo fleti. Walimu wameamua ni yeye aliyepeleka maneno, wanataka asimamishwe masomo. Mtoto wa watu amekana mpaka amelia. Mwende ananiambia, "Mama, siwezi kuacha aadhibiwe kwa kulipenda somo. Nitasema nilieleza vibaya." Yeye! Alieleza vizuri hata mimi niliyeishia darasa la sita nikaelewa! Nami nimeinama, nakata sukuma wiki, namjibu, "Mungu atasaidia." Siku tatu namwambia Mungu atasaidia.

Kamati siiogopi. Watu ni watu. Ninaogopa macho yake. Mimi niliyemtangaza kanisani, sokoni, hata kwa kinyozi, ndiye niliyemchongea. Akijua, ataanza kunificha mambo yake. Atarudi jioni, nitamuuliza habari za shule, aseme "nzuri tu," basi. Na wewe hupo wa kunisimulia.

Lakini nikinyamaza, atajichafua mwenyewe, na Akinyi je?

Kwa hiyo nimekata shauri. Nitamwambia sasa hivi, kabla hajavaa. Nikitoka hapa nitapita kwa Mama Kioko, niseme nilidanganya, tena kwa sauti ile ile niliyojigamba nayo. Saa nane nitasimama mbele ya kamati, mwenye fleti akinitazama, niseme ni mimi Mama Mwende, si mwalimu wala mwanafunzi. Wakinicheka, wacheke. Kazi yake sijui kama itapona. Sijui kabisa.

Nakuahidi jambo moja, mume wangu. Akinikasirikia sitajitetea. Sitamwambia nilifanya hivyo kwa kumpenda. Nitanyamaza mpaka amalize yote aliyonayo.

Pumzika huko uliko. Anauliza viatu vyake vyeusi viko wapi. Naweka kalamu, naenda kumpa.

Wako,
Mama Mwende