Baruti Yoyote Tu

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa katika kituo cha polisi, Toronto, Jumapili, tarehe 16 Machi 2025

Jina: Navroz Jiwani
Umri: miaka 69
Kazi: mstaafu, zamani fundi wa miwani
Makazi: Richmond Hill. Naishi peke yangu.

Kiingereza nakijua vizuri. Nimeomba kutoa maelezo kwa Kiswahili, mbele ya mkalimani Azmina, kwa sababu aliyoyasema Elias aliyasema kwa Kiswahili na sitaki yaharibike njiani.

Elias Mbwambo ni rafiki yangu. Ni fundi mstaafu wa mabasi, anaishi ghorofani Barabara ya Dixon. Kila mmoja wetu ana bunduki ya jeshi la Uingereza ya wakati wa Vita vya Pili, kwa leseni. Zote mbili hufungiwa kwenye kabati la chuma gerejini kwangu, maana marehemu mke wa Elias, Dorotea, hakutaka silaha nyumbani. Dorotea alikuwa akiniita shemeji. Alifariki Novemba. Kila Jumamosi mimi na Elias hutengeneza risasi zetu wenyewe kwa kujaza baruti kwenye maganda, kisha tunakwenda klabuni kulenga shabaha. Siku nyingine za wiki sina wa kuzungumza naye Kiswahili, na siku nyingine sizungumzi kabisa.

Niseme kuhusu baruti, maana afisa ameniuliza mara mbili. Bunduki hizi ni kuukuu. Baruti inayowaka upesi mno inaweza kuzipasua. Inayowaka taratibu huzitunza. Ile tuliyoizoea imeadimika madukani, kwa hiyo tumekuwa tukitafuta ya kushika nafasi yake. Kwa jambo hilo Elias ni msumbufu kupita kiasi. Tunaweza kubishana asubuhi nzima juu ya kopo moja. Hupima baruti ya kila risasi kwa mizani yake, na punje ikizidi anamwaga, anaanza upya. Mimi humwambia anapima dhahabu ya bibi harusi. Yeye hunijibu, "Wewe umezoea miwani. Ikivunjika, mteja anarudi."

Mnamo tarehe 15 Machi, Jumamosi, saa nne asubuhi, alifika gerejini. Nilikuwa nimenunua makopo mawili mapya, la kijani na jeupe. Nilimwonyesha, nikasubiri ubishi uanze. Akasema, "Weka yoyote tu, Navroz."

Nilidhani ananitania. Kwa makusudi nikachukua lile jeupe, lenye baruti kali, ambalo siku zote angeninyang'anya mkononi. Alikuwa akitazama dirishani. Nililirudisha mahali pake, na hapo nikaogopa.

Hakuvua koti. Alisema mizani yake ibaki kwangu, yeye hana haja nayo. Kisha akafungua kabati kwa ufunguo wake, akatoa bunduki yake, akaitia kwenye begi. Nilimwuliza waziwazi, "Elias, unataka kujidhuru?" Akasema, "Asante kwa chai." Chai hakuinywa.

Alipoondoka nilimpigia binti yake, Jacqueline, aliyeko Calgary. Hakupokea. Nilijua nikiwaita polisi bunduki itachukuliwa, na pengine Elias hatanisemesha tena maishani. Sina rafiki mwingine. Niliwapigia.

Nilifika kwake kama saa sita mchana, nikakuta maafisa wamenitangulia. Elias alikuwa mzima. Bunduki ilikuwa bado ndani ya begi. Walizungumza naye kwa adabu, naye akakubali kwenda hospitali. Mimi nilisimama kwenye korido, karibu na lifti. Alinipita bila kunitazama.

Nikamwambia, "Ni mimi niliyewaita."

Akasema, "Najua."

Lifti ilipofunguka, aligeuka. Akasema, "Lile kopo jeupe usiliguse. Baruti yake kali, itakupasulia bunduki usoni. Ukishindwa kuchagua, ningoje."

Kumbe alikuwa ameniona nikilishika. Kwamba ni kali nilijua tangu dukani. Sikumwambia. Nilisema tu, "Sawa, nitangoja," na mlango ukafungwa. Nilibaki pale koridoni nikilia, na sioni aibu kulisema.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Maneno yake ya kwenye lifti naomba yaandikwe kama yalivyo.

Sahihi: N. Jiwani

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa haya yote kwa Kiswahili na mkalimani, akayakubali na kutia sahihi mbele yangu. Alipoulizwa kama ana la kuongeza, aliuliza saa za kuona wagonjwa. Ameelekezwa.