Firigisi Yangu na Kocha wa Ofensi

Champlin, Minnesota

Kwako mke wangu Mama Wekesa,

Zipokee salamu hizi kwa mikono miwili, maana mimi nimeziandika kwa mkono mmoja, ule mwingine uko mfukoni kwa baridi. Hujambo? Goti linaendeleaje? Na yule ng'ombe wa paji jeupe, amezaa au bado anatuzungusha? Mimi ni mzima, nguvu ninazo. Hapa kanisani wananiambia sifanani na mtu wa umri wangu. Ni kweli, sifanani.

Barua hii nimeiandika mwenyewe. Wekesa alisema, "Baba, si umpigie tu?" Lakini simu ya nyumba hii huongelewa sebuleni, kila mtu anasikia, na mimi nina maneno ambayo si ya sebuleni. Mwandiko utauvumilia. Shule niliiacha mapema, lakini hakuna mtu Bungoma nzima aliyewahi kunishinda kwa maneno.

Jambo lenyewe ni hili. Ulisema kwa simu kwamba ndugu yangu Wafula siku hizi anakula kwetu kila Jumapili. Ukacheka. Mimi sikucheka. Nina swali moja la kukuuliza, lakini kwanza sikia yaliyonipata huku, ndipo utajua kwa nini nauliza.

Mwanao na uuguzi wake hapumziki ila Jumapili. Tukitoka kanisani, wanaume huja hapa kutazama mpira. Si mpira wetu. Huu ni wa kushika kwa mikono. Watu wazima wamevaa helmeti kama wa pikipiki, wanagongana kidogo, halafu wanasimama kushauriana sana. Nekesa, mke wa Wekesa, hupika ugali na kuku. Na kuku si wa duka. Wekesa humnunua akiwa hai kwa Wahmong, watu wa Asia wanaofuga nje ya Saint Paul, na mimi ndiye huchinja hukohuko. Firigisi, kama kwetu, naletewa mimi. Mama Wekesa, katika theluji hii yote, ile firigisi ikiwa kwenye sahani yangu nilikuwa bado mwenye boma.

Basi akaja Papa Bahati. Ni Mkongo wa Kivu, anakaa Frogtown, mzee kama mimi ingawa nywele anazipaka rangi. Alifika Amerika zamani, basi mchezo huu anaujua wote, na akifungua mdomo vijana wananyamaza. Hata Wekesa. "Papa, umeona ile?" Mwanangu mwenyewe! Nami nimekaa hapohapo, siulizwi nimeona nini. Mimi niliyeifundisha timu ya kiwanda cha sukari mpaka mameneja wakawa wananiamkia!

Msimu ulipokwisha, timu ya hapa ikabaki bila kocha wa ofensi. Huyo ni msaidizi wa kocha mkuu, kazi yake ni kupanga mashambulizi tu. Ubishi ukaanza, ungedhani tunachagua chifu. Waliotajwa walikuwa watatu: mmoja kocha wa chuo, mmoja aliyefukuzwa na timu nyingine, na mmoja kijana aliyekuwa tayari humo ndani, akimfundisha yule anayerusha mpira.

"Wa chuo," Wekesa akasema. "Timu yake inafunga kama mvua."

"Wapi!" akasema Papa Bahati. "Kule anacheza na batoto. Huku mutu anakukujia kama lori. Mi nasema yule wa ndani. Bachezaji banajua lugha yake. Ukileta mupya, ataanza kufundisha maneno, na mwenye kurusha atalala chini kila siku. Voilà."

"Hapo umesema, Papa!"

Nikasimama. "Leteni yule aliyefukuzwa," nikasema. "Aliyefukuzwa ana njaa. Na huyo wenu wa ndani, kama ana dawa, mbona mgonjwa alizidiwa yeye akiwa kando ya kitanda?"

Wakacheka. Nilipenda walivyocheka. Lakini Papa Bahati hakungoja wamalize. "Mzee mwenzangu, hiyo ni neno. Ila mwenye njaa, ukimwachia jikoni, atakula na chungu." Lo! Wakagonganisha viganja. Wekesa alicheka mpaka akafuta machozi. Kwangu hakufuta kitu.

Hapo moyo ukaniwaka. Nikasema, "Akichukuliwa huyo wako, firigisi yangu utakula wewe!"

Nekesa akatoka jikoni na mwiko. "Baba, firigisi haipigiwi dau." Nikamwambia mimi sirudishi neno.

Wakamchukua kijana wa ndani. Bado nasema wamekosea, utaona.

Jumapili hiyo Nekesa alisimama na sahani katikati yetu, akanitazama. Nikamwonyesha kwa kidevu. Papa Bahati akasema, "Mzee, tukate nusu." Nikasema nimeshiba. Sikuwa nimeshiba. Alitafuna macho ameyafumba, na Wekesa akamwongezea mchuzi. Kwa mkono wake mwenyewe, Mama Wekesa!

Nekesa aliona nimekonda. Ni binti mwema, usimlaumu. Jumapili iliyofuata akanunua firigisi dukani. Huku huziuza pakiti tele, za kuku wasiojulikana. Akazikaanga na nyanya na hoho, akaweka bakuli mezani. "Leo hakuna kununa, kila mtu ajipakulie." Wakala wote, wanawake, watoto, hata jirani Mzungu aliyekuja kuomba ngazi. Mjukuu wetu akaniletea moja kwenye uma, ati nionje nione kama nitaipenda. Mimi!

Papa Bahati akaniinamia sikioni. "Mzee, hii si firigisi. Hii ni mboga."

Nilizidi kukasirika, maana neno hilo lilikuwa langu, akaniwahi. Ile moja aliyokula yeye, angalau kila mtu alijua amekula ya nani. Hizi za bakuli hazikuwa za mtu.

Sasa swali langu. Wafula akija, ukichinja, firigisi inakwenda wapi? Usinieleze habari ya kukusaidia kukamua. Mpe paja, mpe mgongo, mwongezee na mchuzi. Kama umeshampa, nyamaza, nitaelewa. Lakini yule jogoo mwekundu asiguswe. Sema ni wa mbegu. Nikirudi nitamchinja mwenyewe. Atakuwa amezeeka, firigisi yake ngumu kama soli ya kiatu. Haidhuru, meno ninayo.

Nisalimie dada yangu Nasimiyu, na mchungaji wetu. Mwambie huku sijasinzia ibadani hata kidogo. Nisalimie jirani yetu fundi cherehani. Wafula naye msalimie, ni ndugu yangu. Ila umsalimie asubuhi, kabla chakula hakijaiva.

Ni mimi mumeo, mwenye nyumba hata nikiwa mbali nayo,

Baba Wekesa